Dakika Kumi na Moja au Siku Kumi: Ipi Hasa Ni Safari ya Anga za Juu?

Tarehe 14 Aprili 2025 wanawake sita, wakiwemo mwimbaji Katy Perry na mtangazaji Gayle King, waliketi ndani ya chombo cha kampuni ya Blue Origin huko magharibi mwa Texas. Roketi ikawapeleka juu, wakaelea dakika chache, na takriban dakika 11 baada ya kuondoka walikuwa wameshatua kwa parachuti kwenye vumbi la jangwa. Kufikia usiku, makundi ya WhatsApp niliyomo hapa Nairobi yalikuwa yamegawanyika. Wako waliosema hao sasa ni wanaanga kamili, sawa na wale wanaokaa miezi sita katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Wako waliosema hakuna lolote pale, ni matembezi ya matajiri tu.

Naona pande zote mbili zimekosea, na swali lenyewe lina watu wake hapa mjini. Yupo mwenye uwezo ambaye amewahi kuuliza kiti ni shilingi ngapi. Nairobi haikosi watu hao. Yupo pia mwalimu wa fizikia anayeulizwa darasani, na mzazi anayeulizwa mezani. Kila mmoja wao anahitaji kuwekewa safari hizi ubavu kwa ubavu ili aamue.

Nitangulize jibu langu. Abiria wa safari hizi fupi hufika anga za juu, na wale wa Blue Origin hufika bila ubishi wowote. Ila hawakai huko, na kinachowazuia kukaa ni upungufu wa kasi, wala si wa kimo. Pengo la kasi hiyo ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, na ndilo linalopaswa kuamua fedha zako ziende wapi na mtoto wako umjibu nini.

Mpaka wenyewe

Ukitoka katikati ya Nairobi kwa gari kuelekea Nakuru, ukipita Naivasha kidogo utakuwa umekwenda kilomita 100. Isimamishe barabara hiyo wima kuelekea juu, na hapo mwisho wake ndipo Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, linapouweka mpaka wa anga za juu. Unaitwa mstari wa Kármán, kwa jina la Theodore von Kármán, mhandisi mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani. Hoja iliyo nyuma yake ni nzuri: kadiri unavyopanda hewa inapungua, na ndege inalazimika kwenda kasi zaidi ili mabawa yake yapate cha kuegemea. Hufika mahali ambapo kasi inayohitajika ni kubwa kiasi kwamba chombo kingeizunguka Dunia hata kama hakina mabawa. Hapo kazi ya mabawa imekwisha.

Marekani nayo ina hesabu yake. Jeshi lake la anga, NASA na mamlaka yake ya usafiri wa anga, FAA, huhesabu kuanzia maili 50, yaani kilomita 80. Mwaka 2018 mtaalamu wa fizikia ya nyota Jonathan McDowell alitetea kimo hicho cha kilomita 80 akionyesha kwamba zipo setilaiti ambazo njia zao hushuka hadi karibu na hapo na bado zikaendelea na mizunguko yao. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, ambao ndio msingi wa sheria za kimataifa katika jambo hili, hausemi mpaka uko wapi.

Watu walishaumizwa na suala hili la nani ahesabiwe. Katika miaka ya 1960 ndege-roketi ya X-15 ilivuka kilomita 80 mara kadhaa ikiwa na marubani wanane tofauti, lakini ni Joe Walker peke yake aliyevuka kilomita 100, mara mbili, mwaka 1963. Marubani wa jeshi walipewa beji zao za mwanaanga papo kwa papo. Wale wa NASA, kwa kuwa walikuwa raia, hawakupewa kitu hadi 2005. Wakati huo Walker alikuwa amekufa karibu miaka 40. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kuhesabiwa au kutohesabiwa ni suala la makaratasi tu, mkumbushe Walker.

Hewa yenyewe haina ukuta. Inapungua polepole, na kwenye kilomita 100 bado ipo ya kutosha kuivuta chini setilaiti yoyote ambayo ingejaribu kuzunguka kwa duara katika kimo hicho. Mpaka ni makubaliano ya watu, na mimi siutilii uzito sana. Ila ukitaka kulipa, unakuhusu, kwa sababu kampuni mbili zilizouza safari hizi zimesimama moja upande huu na nyingine upande ule.

Unity na New Shepard

Virgin Galactic ya Richard Branson ilitumia chombo chenye mabawa, VSS Unity. Ndege kubwa iliyokibeba chini ya bawa lake iliruka kutoka Spaceport America jimboni New Mexico, ikapanda hadi kilomita 13 au 14 hivi, kisha ikakiachilia. Hapo roketi iliwashwa kwa takriban dakika moja, chombo kikachupa juu kwa kasi inayokaribia mara tatu ya sauti, abiria wakafungua mikanda na kuelea, halafu marubani wawili wakakirudisha kwa kunyiririka bila injini hadi kwenye barabara ya kutulia kama ndege nyingine yoyote. Branson aliporuka tarehe 11 Julai 2021 kilifika takriban kilomita 86. Kwa hesabu ya Marekani amefika; kwa hesabu ya FAI amebakiza kilomita 14.

New Shepard ya Blue Origin ni roketi iliyosimama wima, na kileleni pake pana kapsuli ya watu sita. Hakuna rubani, kompyuta inafanya kila kitu. Injini inaunguza hidrojeni na oksijeni kwa zaidi ya dakika mbili, kisha kapsuli inaachana na roketi na kuendelea kupanda kwa nguvu ya ule msukumo ilioupata. Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni hiyo, aliporuka nayo tarehe 20 Julai 2021 ilipita kilomita 100 na kufika takriban 107. Roketi ikarudi ikatua kwa miguu yake, kapsuli ikashuka kwa parachuti tatu. Kuelea kulichukua dakika tatu au nne hivi.

Kwa macho ya abiria, mimi ningeipa New Shepard alama ya mandhari. Kila kiti kina dirisha lake kubwa. Hebu tukadirie: lau kapsuli hiyo ingekuwa juu ya Nairobi katika kimo cha kilomita 100, upeo wa macho ungekuwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,100 kila upande. Ziwa Victoria, Kilimanjaro, pwani yote ya Kenya, Unguja na Dar es Salaam vingekuwa ndani ya duara moja, mawingu yakiruhusu, na juu yake mbingu nyeusi mchana kweupe. Anayesema hilo si kitu hajalifikiria vizuri.

Unity ilikuwa na faida nyingine. Safari nzima, tangu magurudumu yaondoke ardhini, ilichukua saa moja au zaidi, hivyo mtu alipata nafasi ya kujiandaa moyoni. Na kushuka kwa mabawa ni kupole kuliko kugonga ardhi ndani ya kapsuli, japo mwili hulemewa wakati wa kurudi katika zote mbili: kwa New Shepard, kwa muda mfupi, mtu huhisi uzito wake umezidi mara tano hivi.

Unity ilistaafishwa Juni 2024, na Virgin ikahamishia nguvu zake katika kuunda vyombo vipya. Bei yake ya tiketi ilikuwa imepanda kutoka dola 450,000 mwaka 2021 hadi dola 600,000. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 130, hizo ni shilingi milioni 78. Blue Origin haikutangaza bei ya kawaida ya kiti. Iliomba amana ya dola 150,000 kwa anayetaka kuanza mazungumzo, na kiti cha kwanza kabisa kilinunuliwa katika mnada kwa dola milioni 28.

Kuelea si ushahidi

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, wakiwemo waliosoma. Binti wa dada yangu, aliye kidato cha tatu huko Buruburu, alinibana: "Mjomba, kama wanaelea si ina maana wametoka nje ya mvutano wa Dunia?" Nikamwambia la, hawajatoka, na wala hawakukaribia kutoka. Akauliza: "Sasa mbona hawaanguki?" Jibu ni kwamba wanaanguka.

Katika kimo cha kilomita 100 mvutano wa Dunia bado ni takriban asilimia 97 ya ule unaotushika hapa mtaani. Hata katika Kituo cha Kimataifa, kilomita 400 juu, ni karibu asilimia 90. Mtu huelea kwa sababu yeye, kiti chake na chombo chote wanaanguka pamoja kwa kasi moja, hivyo hakuna kinachomsukuma kutoka chini. Hali hiyo haihitaji anga za juu. Ndege ya kawaida ikipandishwa mwinuko mkali kisha ikaachwa ifuate tao la jiwe lililorushwa, walio ndani wanaelea sekunde 20 hadi 25 kila tao. Kampuni ya Zero-G nchini Marekani hufanya hivyo kwa Boeing 727, na Ufaransa ipo Airbus A310 inayoruka kutoka Bordeaux. Matao kama 15 yakijumlishwa yanatoa dakika tano au zaidi, kwa bei ya dola 8,000 hadi 10,000 hivi, yaani shilingi milioni moja na kitu. Stephen Hawking, ambaye mwili wake ulikuwa umepooza, alielea ndani ya ndege hiyo ya Zero-G mwaka 2007.

Kwa hiyo kama hamu yako ni kuhisi mwili mwepesi, nakusihi usilipe milioni 78. Ndege inakupa dakika nyingi zaidi kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Inakunyima dirisha na weusi wa mbingu, basi. Kuhusu safari za puto kubwa zinazopangwa kufika kilomita 30 hivi, hizo ni mandhari bila kuelea na bila kuvuka mpaka wowote, niziache hapo.

Kasi ndiyo yenye neno

Bezos alipanda kwa kasi ya takriban kilomita 3,600 kwa saa. Ili kubaki juu bila kuanguka chini unahitaji kitu kingine kabisa: kwenda kwa upande, sambamba na ardhi, kwa takriban kilomita 28,000 kwa saa. Kwa kasi hiyo unaendelea kuanguka, lakini Dunia nayo inajipinda chini yako kwa kiasi kile kile, hivyo huifikii. Ni Nairobi hadi Mombasa kwa karibu dakika moja, na Dunia nzima kwa dakika 90.

Kasi mara nane haimaanishi nishati mara nane. Nishati inakua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kuinua kilo moja hadi kilomita 100 kunahitaji nishati ya karibu megajuli moja. Kuipa kilo hiyo hiyo kasi ya kuzunguka Dunia kunahitaji takriban megajuli 30. Ndiyo maana roketi ya New Shepard ina urefu wa mita 18 hivi na injini moja, ilhali Falcon 9 ya SpaceX inayobeba watu hadi kwenye mzunguko ina urefu wa zaidi ya mita 60 na injini tisa chini. Na nishati hiyo yote unapaswa kuiondoa wakati wa kurudi. Anayeshuka kutoka kwenye mzunguko wa Dunia anapita katika moto wa hewa iliyobanwa, nje ya kinga ya joto pakiwa na nyuzi zaidi ya elfu moja na mia tano. Wanaanga saba wa chombo cha Columbia walipoteza maisha mwaka 2003 katika hatua hiyo. Abiria wa safari fupi hapitii hatari hiyo kabisa, na hilo ni jambo la kushukuru.

Mfano unaonigusa zaidi katika suala hili unaishia kwetu wenyewe, na unasikitisha kwa jinsi usivyofundishwa. Juni 1962 wanasayansi wakiongozwa na kina Riccardo Giacconi walirusha roketi ndogo kutoka White Sands, New Mexico, jirani kabisa na mahali ambapo Virgin ilijenga kituo chake baadaye. Ilikuwa safari ya kupanda na kushuka, kama hizi za watalii, ingawa ilifika juu zaidi, takriban kilomita 225. Walipata sekunde 350 za kutazama. Katika muda huo usiotimia dakika sita waligundua chanzo cha kwanza cha miale ya eksirei kilicho nje ya mfumo wetu wa jua. Hakuna mwanasayansi aliyesema roketi ile haikufika anga za juu. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Giacconi Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Baada ya miaka minane Giacconi na wenzake walitaka kukaa juu, si kuchungulia. Wakaja Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, Waitaliano walirusha setilaiti ya NASA kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowakaribisha. Pale Malindi, karibu na ikweta, Dunia yenyewe inazunguka kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inayotafuta kasi ya upande inapewa kiasi hicho bure. Anayetaka kupanda wima na kushuka angeambulia nini humo? Setilaiti ya Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vilisaidia kutambua kwamba kimojawapo, Cygnus X-1, huenda ni shimo jeusi.

Chombo cha kwanza kilifika na kuona kimoja. Cha pili kilikaa na kuona anga lote. Zote mbili zilikuwa kazi za anga za juu, na bado mtu hawezi kuziita kitu kimoja.

Waliokaa

Watalii waliokwenda kwenye mzunguko wa Dunia ni wachache, na maandalizi yao yanaonyesha tofauti kuliko maneno yoyote. Dennis Tito alikuwa wa kwanza, Aprili 2001, kwa takriban dola milioni 20. Mwaka uliofuata alikwenda Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini kwa chombo cha Kirusi cha Soyuz. Alijifunza Kirusi, akafunzwa kwa miezi mingi, sehemu kubwa huko Star City karibu na Moscow, akakaa juu siku kumi, nane kati yake akiwa katika Kituo cha Kimataifa, na akafanya majaribio ya kisayansi. Abiria wa New Shepard walifunzwa siku chache tu pale pale Texas.

Septemba 2021 watu wanne wa safari ya Inspiration4, wote raia wa kawaida, walizunguka Dunia siku tatu katika kimo cha zaidi ya kilomita 570 baada ya mafunzo ya miezi kadhaa. Aprili 2022 kampuni ya Axiom ilipeleka wateja kwenye Kituo cha Kimataifa kwa dola milioni 55 kila kiti. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni saba. Walipanga siku kumi, hali ya hewa ikawachelewesha, wakakaa 17. Mtu wa namna hiyo hulala juu, hula juu, huugua kichefuchefu cha siku za mwanzo kinachowapata wanaanga wengi, na huona jua likichomoza mara 16 kwa siku. Huyo amesafiri.

Na jina la mwanaanga?

Wanaowapinga watalii husahau kwamba Mmarekani wa kwanza angani, Alan Shepard, tarehe 5 Mei 1961, alifanya safari ya kupanda na kushuka ya dakika 15 tu, hadi kilomita 187. Ndiye aliyepewa heshima ya jina la New Shepard. Kama yeye alifika, basi urefu wa muda peke yake hauwezi kumnyima mtu haki ya kuhesabiwa. Lakini Shepard alikuwa rubani wa majaribio ndani ya chombo ambacho hakuna binadamu aliyewahi kuruka nacho, na alikigeuza kwa mikono yake kuona kama mtu anaweza kufanya kazi huko. Hata hivyo, wiki tatu kabla yake Yuri Gagarin alikuwa ameizunguka Dunia kwa dakika 108, na wakati ule ule ulimwengu ulielewa nani ametangulia na kwa nini.

FAA iliona tatizo hili. Siku ile ile Bezos aliporuka ilibadilisha masharti: kuvuka kilomita 80 hakutoshi tena kupata beji, ni lazima uwe mfanyakazi wa chombo aliyetenda jambo muhimu kwa usalama wa safari. Mwishoni mwa 2021 iliacha kabisa kutoa beji, ikabaki kuorodhesha majina ya waliovuka kimo hicho. Naona huo ni uamuzi wa haki. Wamehesabiwa, hawajapewa cheo.

Lakini sikubali dharau. Wally Funk alifaulu vipimo vya wanaanga mwaka 1961 na akanyimwa nafasi kwa kuwa mwanamke. Aliruka na Bezos akiwa na miaka 82. Ed Dwight alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuandaliwa kuwa mwanaanga, katika miaka ya 1960, akaachwa. Aliruka Mei 2024 akiwa na miaka 90. Sara Sabry wa Misri, Agosti 2022, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kufika anga za juu, na ilikuwa kwa New Shepard. Hakuna njia nyingine ambayo ingemfikisha mzee wa miaka 90 huko. Anayewaambia hao kwamba hawakufika popote anakosa adabu na pia anakosea.

Uchague ipi

Kama ni mandhari unayoitaka, na umri au afya havikuruhusu kufunzwa kwa miezi, safari fupi ina thamani yake, na chombo kinachovuka kilomita 100 kitakuepusha na ubishi wa maisha yako yote. Kama ni kuelea, nenda Bordeaux au Marekani ukapande ndege. Kama unataka kusema umesafiri anga za juu na usihitaji kuongeza maelezo, hakuna njia ya mkato: ni mzunguko wa Dunia, na ni mabilioni.

Usalama nao uuweke mezani. Oktoba 2014 chombo cha majaribio cha Virgin kilivunjika hewani na rubani msaidizi Michael Alsbury akafa. Septemba 2022 roketi ya New Shepard iliharibika ikiwa haina watu. Kapsuli ikajichomoa yenyewe na kutua salama, jambo linaloonyesha mfumo wa kujiokoa unafanya kazi. Kisheria, abiria nchini Marekani hutia saini kwamba ameelezwa hatari na kwamba serikali haijathibitisha usalama wa chombo hicho kwa abiria. Soma hilo kabla ya kitu kingine chochote, na uisome upya sera yako ya bima ya maisha.

Lipo chaguo jingine ambalo mwenye milioni 78 hapa Nairobi angeweza kulipima, na mimi ndilo ningelichagua. Taifa-1, setilaiti iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya na kurushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX kutoka California, iligharimu takriban shilingi milioni 50. Ilipata ile kasi ya kilomita 28,000 kwa saa. Kiti kimoja cha dakika chache kwenye chombo cha Virgin kingeilipia yote na chenji ikabaki. Vijana wa uhandisi katika vyuo vyetu wanahitaji mfadhili kuliko mtalii, na jina la mfadhili linaweza kuandikwa ubavuni mwa chombo kitakachokaa juu miaka.

Kwa anayeamua kwenda mwenyewe, muulize muuzaji mambo haya kwa maandishi kabla ya kuweka amana: chombo hiki mahususi, na si kile kilichotangulia, kimeshafika kimo gani kikiwa na watu; kuelea ni dakika ngapi zilizopimwa, si zilizotangazwa; amana inarudishwa yote au sehemu, na ndani ya muda gani, iwapo ratiba itasogezwa mwaka mzima. Kampuni hizi zimewahi kusogeza tarehe kwa miaka mingi, na wapo wateja wa Virgin waliolipa katikati ya miaka ya 2000 na kuruka mwaka 2023.